Kofitrei, mitego na wawinda chura: kipi kinamkinga mbwa wako kusini mwa Florida

Mbwa wa kilo 4 akimng'ata chura wa miwa, yule mkubwa mwenye sumu, mwenye mbwa ana dakika chache za kufanya jambo la maana. Kwa hofu hiyo, maduka ya kusini mwa Florida yamejaa vitu vya kuzuia chura: nyavu za plastiki zenye picha ya chura kwenye kifurushi, mitego yenye taa, vidude vya sauti vya kuchomeka ardhini, unga wa kunyunyiza ukutani. Wapo pia watu wanaokuja usiku na tochi na ndoo kwa malipo ya kila mwezi. Vingi kati ya hivyo havistahili pesa. Kinachostahili hakiuzwi hata kama kitu cha chura: ni waya wa miraba midogo, ule ambao fundi wa Dar au Nakuru angekuitia kofitrei. Tutaukagua huo kwa kirefu, na vingine kwa kadiri vinavyostahili.

Kwa nini tunaandika kwa Kiswahili jambo la Florida? Kwa sababu ya maziwa. Mbwa aliyekulia Tanga au Machakos akimtia mdomoni chura wa bustanini hutoka povu, hutikisa kichwa, hupewa maziwa, na kesho yake yuko getini anabweka kama kawaida. Mtu akishahamia Tampa au Fort Lauderdale, anaona povu lile lile na kulichukulia kwa wepesi ule ule. Chura wa huku si yule wa nyumbani.

Jina lake la kisayansi ni Rhinella marina. Wenyeji humwita bufo. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Aliletwa Florida miaka ya 1930 na 1940 ale wadudu wa mashamba ya miwa, na kazi hiyo ikamshinda. Waliotapakaa leo wametokana na vyura wapatao 100 waliomponyoka mwagizaji wa wanyama kwenye uwanja wa ndege wa Miami mwaka 1955, na wengine walioachiwa makusudi mwaka 1963 na 1964. Sasa wamejaa kwenye mifereji, viwanja vya gofu na mabwawa ya mitaa mipya, yaani pale pale watu wanapojenga na kufuga mbwa.

Aliyekomaa ana sentimita 10 hadi 15, ngozi kavu yenye vipele, rangi ya udongo. Nyuma ya kila jicho, kuteremka begani, ana tezi kubwa yenye umbo la pembetatu, imetuna kama kipande cha muhogo kilichofichwa chini ya ngozi. Meno yakiibana, inatoa kimiminika cheupe kizito mithili ya utomvu wa papai bichi. Ndani yake mna bufadienolidi, kemikali zinazoushika moyo kama dozi kubwa ya digoksini, dawa ya moyo: zinaziba pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye seli za moyo, na mapigo yanavurugika. Sumu inapenya kwenye fizi na ulimi, kwa hiyo mbwa si lazima ammeze chura. Kumtafuna mara moja na kumtema kunatosha.

Kabla hujanunua chochote, jifunze kumtofautisha na chura mwenyeji, Anaxyrus terrestris. Huyu kwa kawaida hafiki sentimita 10, na kati ya macho yake kuna matuta mawili yaliyosimama wazi, yanayoishia kwa vifundo nyuma ya kichwa. Wa miwa ana kingo juu ya macho, ila katikati ya kichwa hana matuta hayo. Usiku watofautishe kwa sauti: wa miwa ananguruma taratibu, kama trekta iliyoachwa ikiwaka shamba la mbali, na mwenyeji ana mlio mwembamba wa juu. Mwenyeji anakula wadudu na sumu yake ni hafifu zaidi. Mwache.

Sasa waya. Usiuchanganye na wavu wa kuku wenye matundu ya pembesita. Ule wa inchi 1 huruhusu chura mchanga apite. Unachotaka ni nyaya zilizosokotwa au kuchomelewa kwa miraba, na swali la kwanza dukani ni ukubwa wa tundu. Wa nusu inchi ni rahisi kuupata, una waya mnene, na unamzuia chura mkubwa bila wasiwasi. Tatizo lake ni vitoto. Chura wa miwa anapotoka majini akiwa ametoka tu kuwa kiluwiluwi, ana urefu wa kama sentimita 1. Anapita kwenye nusu inchi bila kuinama, ananenepa kwa wadudu wa taa yako, na baada ya miezi kadhaa una vyura wakubwa ndani ya uzio ambao hauwaruhusu kutoka. Umejenga zizi. Chukua wa robo inchi.

Swali la pili ni geji, yaani kipimo cha unene wa waya, na hii ni namba ya kinyumenyume: 23 ni nyembamba kuliko 19. Wa robo inchi mara nyingi huja kwa geji 23. Unakatika kwa mkasi wa bati bila kutoa jasho, lakini ukikanyagwa na magurudumu ya mashine ya majani unakunjika na kubaki hivyo. La tatu ni zinki. Soma kama waya umechovywa kwenye zinki kabla au baada ya kuchomelewa. Uliochovywa baadaye una viungo vilivyofunikwa. Ule mwingine huanza kula kutu kwenye viungo, na jirani na bahari kutu haichelewi. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kung'oa futi 150 na kuanza upya.

Roli ya kawaida ni inchi 24 kwa futi 50, na mara nyingi haifiki dola 100. Uzio wa nyuma wa futi 150 unasemekana kutaka roli tatu. Hesabu hiyo ni ya mtu asiyefunga waya: kila ungio linahitaji kupishana inchi 3 au 4, kila kona inakula kidogo, na geti linataka kipande chake. Nunua roli ya nne fupi.

Namna ya kuufunga ndiyo inayoamua kama pesa imeenda mahali pake. Kunja inchi 4 za chini kwa kuubana waya kati ya mbao mbili, upate umbo la herufi L. Mguu wa L uelekee nje, upande chura anakotoka. Chura hufika ukutani, hufuata ukuta, kisha hujaribu kujisokota chini yake. Anapokuta waya umelala chini ya tumbo lake anahamia kwingine. Zinabaki inchi 20 kwenda juu, karibu sentimita 50, ambazo zinatosha kwa sababu huyu si mrukaji hodari. Hata hivyo anajua kukwea akipata pa kushika: jiwe, chungu cha maua, mzabibu uliolalia uzio. Ondoa ngazi hizo. Bajeti ikiruhusu, chukua waya wa inchi 36 na ukunje inchi 2 za juu kuelekea nje kama ukingo wa kofia.

Maelekezo mengi husema fukia mguu wa waya ardhini. Ni ushauri mzuri penye mchanga. Sehemu kubwa ya kaunti ya Miami-Dade ukichimba shubiri moja unagonga mwamba wa chokaa, na hapo watu wengi hukata tamaa na kuuacha waya ukining'inia. Hakuna haja ya kuchimba. Laza mguu juu ya udongo, ubane kwa vigingi vya waya kila baada ya futi 1, mwaga udongo kidogo na uache nyasi ziupenye. Baada ya mvua za msimu mmoja hutauona tena, wala hautatoka bila sururu.

Kwenye uzio wa mbao tumia misumari ya U. Kwenye uzio wa vyuma vyembamba vya alumini, ambao nafasi zake kwa chura ni kama milango, tumia kebo tai nyeusi. Nyeupe za ndani ya nyumba hupasuka kwa jua la Florida. Ncha zilizokatwa zigeuzie nje na uzilaze kwa koleo, la sivyo pua ya mbwa itakuwa ya kwanza kuzigundua. Vaa glavu nene mwenyewe; waya huu unachana kama mkonge. Mitaa yenye chama cha wenye nyumba huwa na kanuni za mwonekano wa uzio, hivyo peleka maombi kabla. Wakikataa waya upande wa barabarani, ufunge kwa ndani. Utafanya kazi ile ile mradi mguu wa L upite chini ya uzio kwenda nje.

Geti ndilo linalowashinda wengi. Mtu anafunga waya futi 150 kwa ustadi, halafu chini ya geti anaacha nafasi ya vidole viwili. Chura wa miwa hujitandaza kama chapati na kupita hapo, tena ndiyo njia anayoipenda kwa sababu ni tambarare. Panga vigae vya saruji chini ya geti kwa upana wake wote, kisha funga ukanda wa mpira mgumu kwenye ubao wa chini wa geti, ule wa kuzibia milango ya gereji, ukigusa vigae kidogo tu. Ukiubana sana, geti litakwama, mtu atachoka kulisukuma, na siku moja ataliacha wazi. Nyumba yenye kizimba cha wavu juu ya bwawa la kuogelea ina bahati ya kuwa na uzio tayari. Kagua tu chini ya mlango wake na pembe za chini ambako wavu huachana na fremu.

Ukishafunga, bado hujamaliza, kwa maana walio ndani wamefungiwa ndani. Kwa usiku tatu au nne mfululizo, saa moja baada ya giza kuingia, zunguka na tochi huku mbwa akiwa ndani ya nyumba. Angalia chini ya mashine ya kiyoyozi ya nje, nyuma ya pampu ya bwawa, ndani ya vyungu vilivyolala, chini ya mpira wa maji uliozungushwa. Hapo ndipo wanapolala mchana. Baadaye kazi ya ulinzi ni ndogo: pita kila baada ya mvua kubwa iliyosomba udongo, na kila baada ya kukata majani.

Hukumu yetu juu ya kofitrei: nunua. Kasoro zake ni kazi ya mikono ya siku mbili, sura isiyopendeza kwa miezi ya mwanzo, na ukweli kwamba hauwezi kumlinda mbwa anayetembezwa nje ya uzio.

Nyavu za plastiki zenye picha ya chura ni rahisi kufunga na zinapendeza siku ya kwanza. Jua huzifanya kavu, na kamba ya mashine ya kufyekea nyasi ikizigusa mara moja inaacha tundu la kupitisha ngumi. Zile laini kabisa, za kufunikia matunda yasiliwe na ndege, ni mbaya zaidi: nyoka na mijusi hunasa humo na kufa. Kwa ukumbi wa ghorofani, au nyumba ya kupanga unayoihama mwakani, plastiki ngumu inaweza kupita. Kwingine usijisumbue.

Mitego ya kizimba yenye taa ya kuvuta wadudu ina mantiki, kwani chura hufuata wadudu. Ila mtego hunasa chochote kinachopita, chura mwenyeji akiwamo, na lazima ukaguliwe kila asubuhi kabla jua halijawapika waliomo. Pia taa yake inawavuta wa jirani kuja kwako. Mtego ndani ya uzio uliofungwa ni msaada. Penye uzio wazi ni tangazo la chakula cha bure.

Vidude vya sauti visivyosikika na binadamu, acha. Kahawa iliyotumika, pilipili na siki, acha. Chumvi inaua majani, na mbwa akiilamba kwa wingi inamdhuru. Nafthalini, zile gololi nyeupe za kabatini, hazipaswi kuwa bustanini kabisa: ni sumu kwa mbwa, na baadhi yao huzimeza kama pipi. Kumkinga mbwa na sumu kwa kumwekea sumu nyingine ni hesabu ya ajabu, lakini ushauri huu haukomi kuzunguka.

Wawinda chura wa malipo wana nafasi yao, finyu kuliko wanavyotangaza. Wanakuja usiku, wanaokota, wanaondoka. Penye uzio wazi, uwanja unajazwa upya kutoka kwenye mfereji: jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa mara moja, mara nyingi zaidi ya 8,000. Kulipia kuokota kila mwezi bila kuziba uzio ni kufuta maji sakafuni bomba likiwa wazi. Mahali wanapofaa ni zile siku chache baada ya kufunga waya, hasa kwa mtu asiyeweza kuinama au anayeogopa kugusa. Kabla ya kuwakubali, waulize wanavyomtambua chura mwenyeji. Asiyetaja matuta ya kichwani, muage kwa heshima aende zake. Waulize wanavyowaua. Sheria ya Florida inaruhusu kumwondoa chura wa miwa mwaka mzima kwenye ardhi binafsi kwa idhini ya mwenye ardhi, lakini sheria ya ukatili kwa wanyama inabaki pale pale. Njia inayokubalika ni jeli ya kutuliza maumivu ya jino yenye benzokaini asilimia 20: mstari wa kama inchi 1 unapakwa tumboni, chura anazimia, kisha anawekwa ndani ya mfuko kwenye friza kwa siku mbili. Anayejibu kwa rungu au chumvi, mfungie mlango. Ukifanya mwenyewe, vaa glavu za mpira na usiguse macho.

Vipo vitu viwili vya bure vinavyoshinda bidhaa nyingi. Taa ya nyuma izimwe, au iwekewe kihisi iwake mtu anapopita tu. Pasipo na wadudu chura hana sababu ya kukaa. Na bakuli la mbwa liingie ndani jua linapozama. Chura wa miwa hula chakula cha mbwa kilichokauka bila kusita, na hupenda kujiloweka kwenye bakuli la maji. Asubuhi mwaga maji yaliyolala nje, sugua bakuli, weka mapya. Safari ya mwisho ya usiku, mbwa afungwe kamba ya futi 6, mshika kamba ashike na tochi, na amulike mbele ya pua ya mbwa. Kifunga mdomo cha mbwa, kile cha kikapu, kwa kazi hii hakitoshi: ulimi unapita.

Mbwa akishang'ata, hakuna bidhaa ya kununua. Dalili huanza haraka: mate mengi yenye povu, anajifuta mdomo kwa miguu, anatikisa kichwa, fizi zinakuwa nyekundu kama tofali. Zikifuata miguu inayoyumba, macho yasiyotulia au kukakamaa kwa mwili, sumu imeshaingia kwenye damu. Shika mpira wa maji. Mwinamishe kichwa pua ikiangalia chini, ingiza maji kutokea pembeni ya mdomo nyuma ya meno ya chonge, yatokee mbele. Kamwe usielekeze koo, yataingia mapafuni. Kila baada ya muda futa fizi, ulimi na kaakaa kwa kitambaa kibichi, kwa sababu utomvu ule unanata na maji peke yake hayaung'oi wote. Fanya hivyo dakika 10, mtu mwingine akiwa anapiga simu kwa daktari wa mifugo wa dharura. Akiwa anakakamaa au amepoteza fahamu, usimtie maji mdomoni; futa kwa kitambaa na uende.

Maziwa hayasaidii. Hayaizimi sumu hii, na mbwa anayemeza maziwa anameza pamoja nayo utomvu uliokuwa bado mdomoni, ambao ulipaswa kutoka. Mafuta ya kula ni yale yale. Mkaa wa dawa unaouzwa kwa vidonge, usimtilie mbwa anayetoka povu. Akiuvuta kwenye mapafu umemwongezea ugonjwa wa pili, hivyo uamuzi wa mkaa mwachie daktari. Kliniki atafuatiliwa mapigo kwa mashine, atapewa atropini yakiwa ya taratibu mno au dawa ya kuyatuliza yakienda mbio, na diazepamu kwa kukakamaa. Kwa hali mbaya sana ipo dawa ya kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya digoksini, inayofanya kazi pia juu ya sumu hii, ila chupa yake ni ghali na si kila kliniki inayo. Piga simu leo, mbwa akiwa mzima, uulize ni ipi iliyo wazi usiku na kama wanayo.

Na mpira wa maji wenyewe ukaguliwe jioni. Ukiwa umelala juani mchana kutwa, maji yaliyobaki ndani hutoka ya moto kiasi cha kumchoma mbwa ulimi. Yamwage kwanza nyasini mpaka yapoe, na utoe ile bastola ya mbele inayorusha maji kwa nguvu. Unachohitaji ni maji ya kutiririka.